Maji ya Moto Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kumhudumia Aliyechomwa na Kiumbe wa Baharini

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipopigwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, nami nakatiza mchangani huku nikiinua miguu juu kama mtu anayevuka tope. Nikakanyaga kitu laini, na papo hapo nikahisi kama msumari wa moto umepita kwenye kifundo cha mguu. Nilibebwa hadi ufukweni nikilia. Kabla dakika kumi hazijapita, mguu wangu ulikuwa umemwagiwa mafuta ya taa, ukapakwa majivu, na mjomba mmoja alikuwa anashauri mkojo. Maumivu yakazidi. Kisha akaja bibi mmoja, mkulima wa mwani, amebeba sufuria ya maji aliyokuwa ameyateleka kwa ajili ya ugali. Akayapunguza ukali kwa maji ya baridi, akayajaribu kwa kiwiko chake mwenyewe, akanitumbukiza mguu. Baada ya robo saa nilikuwa nimenyamaza.

Yule bibi hakuwahi kusoma kitabu cha tiba, lakini alichofanya ndicho ambacho daktari yeyote anayejua sumu za baharini angekifanya. Nimefundisha huduma ya kwanza kwa wavuvi na wakulima wa mwani kwa miaka mingi sasa, na bado naona watu wakimwagiwa mafuta ya taa huku birika la maji ya moto liko jikoni, hatua ishirini tu kutoka pale. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao, na kwa yeyote anayeingia bahari yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani.

Mtoe majini, kisha mtazame anavyopumua

Maumivu ya kuchomwa yanaweza kumshinda hata mwogeleaji hodari. Kwa viumbe wengi nitakaowataja, hatari ya kwanza ni kuzama. Kwa hiyo usianze kuchunguza kidonda mkiwa kifuani mwa maji. Mshike kwapani, mtoe, mkalishe au mlaze. Kama waliokuwa naye ni wengi, watoke wote: kilichomchoma mmoja bado kipo pale.

Akishafika nchi kavu, usikimbilie mguu. Tazama kifua na uso. Je, anapumua vizuri? Anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika? Midomo au ulimi unavimba? Amepata vipele mwili mzima, anakoroma kooni, kizunguzungu kinamchukua? Hizo ni dalili za mzio mkali, na mtu huyo anahitaji sindano ya adrenalini hospitalini bila kuchelewa. Tafuteni usafiri wakati huohuo, mengine yote mtayafanya njiani.

Kama ameacha kupumua na haitiki, anza kusukuma kifua. Weka viganja viwili katikati ya kifua, sukuma chini sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya misukumo 30 mpe pumzi 2. Endelea mpaka aanze kupumua au mpaka mtaalamu akupokee. Ukichoka, mwenzako ashike zamu.

Soma kidonda

Mara nyingi aliyechomwa hakumwona aliyemchoma. Maji yalikuwa na vumbi la mchanga, au mnyama amekwisha kimbia. Lakini kidonda chenyewe kinasema, na shughuli aliyokuwa akiifanya mtu inasema zaidi.

Tundu moja au mpasuko kwenye mguu, unaotoka damu, kingo zake zimekuwa za kijivu au zambarau, na mtu alikuwa akitembea kwenye mchanga: huyo ni taa. Matundu mawili matatu yaliyofuatana, mguu ukivimba upesi na maumivu yakipanda hadi kwenye nyonga, na mtu alikuwa kwenye miamba: fikiria samaki jiwe. Tundu dogo mkononi mwa mvuvi aliyekuwa akitoa samaki kwenye wavu: tasi, kambare wa baharini kama ngogo na hongwe, au samaki simba. Vitone vyeusi vingi kwa pamoja: miiba ya nungu-bahari. Mistari myekundu iliyopindapinda kama alama za kiboko, bila tundu: yavuyavu, yule mnyama laini kama ute anayeelea na nyuzi zake.

Na kuna kidonda kimoja ambacho watu hukidharau. Kitundu kidogo kama cha sindano, kiganjani au kidoleni mwa mtu aliyekuwa ameshika kome zuri lenye umbo la koni. Huenda hakiumi sana. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko vyote, na nimekipa sehemu yake mbele.

Baada ya kusoma kidonda utajikuta kwenye moja ya njia tatu. Wenye miiba wanataka maji ya moto. Wenye washawasha wanataka maji ya bahari kwanza, kisha maji ya moto. Kome la koni na nyoka wa baharini wanataka bandeji, utulivu na hospitali.

Njia ya kwanza: wenye miiba

Sumu ya taa, samaki jiwe, samaki simba, tasi na ngogo ni ya jamii ya protini. Yai likipata moto ute wake hubadilika, na hauwezi kurudi ulivyokuwa. Sumu hizi nazo huvurugwa na joto, na joto lenyewe hutuliza mishipa inayopeleka maumivu. Ndiyo maana ndoo ya maji ya moto inashinda vidonge vingi.

Fanya hivi.

1. Suuza kidonda kwa maji safi, au maji ya bahari kama hayo ndiyo uliyonayo, ili mchanga na utando utoke. Kama damu inatoka kwa kasi, kandamiza kwa kitambaa safi kwanza. Kanga iliyofuliwa inafaa.

2. Kibanzi cha mwiba kinachoonekana wazi juu ya ngozi ya mguu au mkono, kitoe taratibu kwa kibanio. Kilichozama usikichimbe.

3. Andaa maji ya joto la nyuzi 40 hadi 45, yasizidi 45. Kama huna kipimajoto, na pwani nani anacho, changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vinne vya maji ya kawaida ya kwetu. Utapata takriban nyuzi 42. Vikombe vitatu kwa kimoja vitakupeleka karibu na 46, ambayo imekwisha vuka mpaka.

4. Jaribu maji kwa kiwiko chako wewe mhudumu, halafu kwa mguu wake mzima ambao haukuchomwa. Usimwulize aliyechomwa kwa kutumia mguu ulioumia. Mtu mwenye maumivu makali atakuambia ongeza, ongeza, mpaka ngozi ibabuke. Nimeona mtu aliyepona sumu ya taa kwa siku mbili lakini akauguza malengelenge kwa mwezi mzima. Kwa mtoto, mzee, na mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia, kaa kwenye nyuzi 40 na uwe na subira.

5. Zamisha sehemu yote iliyochomwa kwa dakika 30 hadi 90. Maji yakipoa, toa mguu nje, ongeza ya moto, koroga, jaribu tena kwa kiwiko, kisha rudisha mguu. Usimimine maji yanayochemka huku mguu uko ndani ya ndoo.

6. Maumivu yakirudi baada ya kutoa mguu, na mara nyingi hurudi, rudia. Mpe pia dawa ya maumivu ya kawaida, kama paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kama jeraha liko mahali pasipoweza kuingia ndooni, pajani au mgongoni, loweka taulo kwenye maji hayohayo, likamue kidogo na ulilaze juu, ukilibadilisha kila linapopoa.

Huduma ni hiyohiyo kwa wote wa kundi hili. Kinachotofautiana ni ukubwa wa hatari.

*Taa.* Hajifichi ili akudhuru. Anajifukia mchangani, kwenye maji ya goti au pungufu, mabawa yake yakiwa yamefunikwa na mchanga mwembamba. Ukimkanyaga mgongoni, mkia unaruka juu wenyewe na kukupiga kwenye kifundo au muundi. Mwiba wa mkiani una meno kama msumeno yanayoelekea nyuma, na umevikwa ngozi nyembamba yenye sumu. Unapochomoka unapasua nyama na kuacha vipande vya ile ngozi ndani, ndiyo maana kidonda cha taa ni kikubwa kuliko tundu lake na huchelewa kupona. Maumivu hufikia kilele kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na yasipotibiwa yanaweza kuendelea kwa siku mbili.

Mwiba uliochoma kifua, tumbo, shingo au kinena hauchomolewi kamwe ufukweni. Huenda ndio unaoziba mshipa uliopasuka. Uzungushie vitambaa ili usitikisike, mlaze mtu, mkimbize hospitali. Mwaka 2006 Steve Irwin, mtangazaji wa Australia aliyejulikana duniani kwa vipindi vyake vya wanyama, alifariki kwa mwiba wa taa uliompata kifuani. Vifo vya namna hiyo ni vichache sana, lakini vinatufundisha kutofautisha mguu na kifua.

*Samaki jiwe.* Huyu anastahili heshima ya pekee. Analala kwenye miamba na magofu ya matumbawe, ngozi yake ina vinundu na hata mwani umemwotea, na hakimbii unapomkaribia. Mgongoni ana miiba 13, kila mmoja na vifuko vya sumu, na inaweza kupenya soli nyembamba ya ndala. Maumivu yake yameelezwa na waliopatwa kuwa ni ya kumfanya mtu aombe mguu ukatwe. Mguu huvimba hadi juu, mtu anaweza kutapika, kutokwa jasho la baridi, shinikizo la damu kushuka na kuzimia. Anza maji ya moto mara moja, lakini usafiri wa kwenda hospitali uanze kutafutwa wakati huohuo, hata kama maumivu yameanza kupungua. Dawa ya kuua sumu hii ipo. Inatengenezwa Australia na imekuwa ikitumika tangu 1959, ila usiende hospitali ukitegemea kuikuta kabatini. Utakachopata kule ni sindano ya ganzi kuzunguka kidonda, dawa kali za maumivu, dripu na macho ya wataalamu. Mara nyingi hayo yanatosha kumvusha mtu salama.

*Samaki simba* ni ndugu yake, yule mwenye mistari myekundu na mapezi yaliyotanda kama manyoya ya jogoo. Yeye haonekani kwa bahati mbaya, anaonekana kwa uzuri wake, na wengi huchomwa kwa sababu walinyoosha mkono kumgusa. Maumivu hudumu masaa kadhaa.

*Tasi, ngogo na hongwe.* Hapa ndipo wavuvi wetu wanapoumia kila wiki bila mtu kuandika popote. Tasi, ambaye Kenya wengi humwita tafi, ni kitoweo kitamu, lakini ana miiba 24 yenye sumu: 13 mgongoni, 7 chini karibu na mkia, na 4 kwenye mapezi ya tumbo. Haijalishi amekufa au la. Mwiba wa samaki aliyelala kwenye barafu bado unachoma, na mama anayemparua jikoni yuko hatarini sawa na aliyemtoa kwenye dema, ule mtego wa samaki. Kata miiba kwa mkasi kabla ya kuparua. Ngogo, yule mweusi mwenye mistari myeupe na masharubu, ana miiba mitatu tu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande, lakini miwili kati ya hiyo imekaa mahali ambapo mkono hushika samaki kwa kawaida. Wenzetu wa Ziwa Victoria wanaochomwa na gogogo, samaki wa ziwani mwenye miiba, watumie ndoo ileile ya maji ya moto.

*Nungu-bahari.* Kila bandari ina jina lake kwa huyu mviringo mweusi mwenye miiba mirefu kama sindano za kushonea. Hapa namwita hivyo ili tuelewane. Miiba yake ni ya chokaa, mikavu, inakatikia ndani ya nyama ukiigusa tu. Watu hutumia pini, wembe na msumari kuichimba, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: miiba inavunjikavunjika zaidi na kidonda kinaingia uchafu. Toa inayochomoza tu. Tumia maji ya moto kwa maumivu. Baada ya hapo unaweza kuloweka mguu kwenye siki mara chache kwa siku, kwa kuwa siki hula chokaa polepole, na vibanzi vidogo vya juujuu huyeyuka au kutoka vyenyewe. Vitone vyeusi vinavyobaki huenda ni rangi tu. Vikififia ndani ya siku mbili tatu, hapakuwa na mwiba.

Utomvu wa papai bichi nao hutumika sana visiwani kwa kazi hii. Siwezi kuwacheka wazee, una nguvu ya kulainisha ngozi. Lakini unawasha na kubabua, usiupake penye mpasuko wala kwa mtoto mdogo.

Mwiba ulioingia kwenye kiungo, yaani goti, kifundo au kidole cha mkono, ni wa hospitali hata kama unauma kidogo. Ukiachwa humo kiungo huvimba na kukakamaa wiki kadhaa baadaye.

Jihadhari pia na nungu-bahari mwingine mwenye miiba mifupi, ambaye mwili wake umefunikwa na vitu kama maua madogo ya waridi au meupe. Yale maua ndiyo yanayouma, na sumu yake inaweza kulegeza mwili. Usimshike kwa mkono mtupu.

Njia ya pili: wenye washawasha

Yavuyavu, konyeza, matumbawe ya moto na ndugu zao hawana mwiba. Nyuzi zao zimejaa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila kifuko kuna uzi uliojikunja wenye ncha kali, nao hufyatuka ukiguswa. Mtu akitoka majini, ngozi yake imebaki na maelfu ya vifuko ambavyo bado havijafyatuka. Kazi yako ni kuviondoa bila kuvifyatua.

Kwa hiyo usisugue kwa mchanga. Usisugue kwa taulo. Usimwagie maji baridi ya bomba wala ya kisima, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yanaweza kuvifyatua vilivyobaki. Usifunge kwa bandeji ya kukaza. Pombe na mkojo viacheni pia. Mkojo ni maji yenye chumvi isiyotabirika, na unamdhalilisha mtu bila faida yoyote.

Mwagia maji ya bahari mengi, taratibu. Kisha ondoa nyuzi zilizoganda kwa kibanio, au kwa vidole vilivyovaa glovu au vilivyofungwa mfuko wa nailoni, ukizinyanyua juu badala ya kuziburuta. Suuza tena kwa maji ya bahari. Nyuzi zikishaondoka zote ndipo maji ya moto yanaingia, joto lilelile la nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 20 au zaidi. Kama hakuna maji ya moto kabisa, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kikavu hupunguza maumivu.

Na siki? Watu wameambiwa siki kwa kila kitu, na hapo kuna kosa. Siki hufanya kazi nzuri kwa yavuyavu wenye umbo la kisanduku, yaani wenye pembe nne zilizo wazi na nyuzi zinazotoka kwenye pembe hizo. Hao ndio hatari kuliko wote wa jamii hii, na siki huzuia vifuko vyao visifyatuke. Mwagia kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya kutoa nyuzi. Kwa kile kiputo cha buluu kinachoelea kama mfuko uliojaa hewa, chenye uzi mrefu unaoburutika nyuma, wataalamu bado wanabishana kuhusu siki. Ushauri ninaoufuata mimi ni maji ya bahari na maji ya moto peke yake.

Vile viputo vya buluu husukumwa na upepo, na ukiona kimoja ufukweni asubuhi basi kuna vingine majini. Waonye watoto. Hata kikikauka mchangani, uzi wake bado unaweza kuchoma, na mtoto hukiokota akidhani ni puto.

Uzi ukimpata mtu jichoni, mwoshe jicho kwa maji mengi safi au maji ya chumvi ya hospitali, usitumie siki, na mpeleke kwa daktari. Mistari ikifunika sehemu kubwa ya mwili, hasa kifua au mwili wa mtoto, au mtu akianza kubanwa kifua, kutapika na kuumwa mgongo na misuli, hilo nalo ni la hospitali.

Matumbawe ya moto ni jambo dogo kwa kulinganisha. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa vumbi lake, tumia maji ya moto, paka krimu ya kutuliza muwasho. Utajikuna siku kadhaa.

Nawaza hasa wakulima wa mwani hapa. Kilimo hiki kilianza kibiashara upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake, wanaosimama majini masaa matatu manne kwa kila kupwa. Kuwashwa mikono na miguu kumehesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na hakupaswi kuwa hivyo. Suruali ya kubana chini ya kanga, soksi ndefu na glovu za mpira huzuia sehemu kubwa ya hayo. Chama au mnunuzi anayetaka mwani wao anaweza kuanza na glovu.

Njia ya tatu: kome la koni, na nyoka

Kome lenye umbo la koni, lenye michoro kama kitambaa kilichofumwa au ramani, huokotwa na watoto na kuuzwa kwa wageni. Ndani yake anaishi konokono mwindaji. Ana kitu kama mkuki mdogo wenye sumu, anaoufyatua kupitia mrija unaoweza kupinda na kufika upande wowote wa kome, hata pale unapodhani umeshika salama. Aina moja, yenye kome pana na jepesi, imewahi kuua watu, na inapatikana Bahari ya Hindi.

Sumu hii haitaki maji ya moto. Inapooza misuli: ganzi mdomoni, kope kulegea, kuona viwili viwili, kushindwa kumeza, mwisho kushindwa kupumua. Haina dawa ya kuiua. Lakini mwili unaweza kuiondoa wenyewe kwa masaa kadhaa, mradi mtu aendelee kupumuliwa.

Mlaze, asitembee hata hatua moja. Funga bandeji pana ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu hadi kwapani au kinena, kwa mkazo ule unaotumia kufunga mguu ulioteguka. Hakikisha vidole havigeuki kuwa vya buluu. Funga ubao au kijiti kando ya mkono au mguu ili usikunjike. Usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Mpeleke hospitali akiwa amelala, na mtu mmoja akae kichwani kwake akitazama pumzi tu, bila kazi nyingine. Pumzi zikidhoofika, anza kumpulizia mdomo kwa mdomo na usiache. Anaweza kuwa anakusikia kila neno huku hawezi kufumbua jicho, kwa hiyo usiseme amekufa.

Nyoka wa baharini mwenye tumbo la njano ndiye pekee wa jamii yake anayefika pwani yetu. Ni nadra kuuma. Wengi wanaodhaniwa nyoka ni mikunga, samaki warefu wenye umbo la nyoka. Akikuuma kweli, fuata hatua hizohizo za bandeji.

Zahanati, na siku zinazofuata

Mwambie tabibu mambo matatu: umechomwa na nini au ulikuwa ukifanya nini, saa ngapi, na umetumia nini mpaka sasa. Kama mliweka mafuta ya taa, semeni bila aibu. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu mwiba wa baharini ni mlango mzuri kwa ugonjwa huo. Kidonda kirefu kikaguliwe, ikibidi kwa picha ya eksirei, kutafuta kipande cha mwiba kilichobaki. Tundu lenye kina mara nyingi huachwa wazi lipone kutoka ndani, usimlazimishe mganga alishone.

Maji ya chumvi yana bakteria wake, na baadhi yao hula nyama kwa kasi. Kwa siku kadhaa tazama kidonda asubuhi na jioni. Wekundu unaopanda, usaha, homa, malengelenge meusi, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari, ugonjwa wa ini au kinga dhaifu asisubiri dalili hizo, aende tangu mwanzo. Usimeze antibiotiki zilizobaki kabatini tangu mwaka jana.

Kabla ya kuingia majini

Mchangani, usinyanyue miguu. Buruta nyayo, ukisukuma mchanga mbele yako. Taa akihisi mtikisiko anaondoka mwenyewe. Ningelijua hilo nikiwa na miaka kumi na minne, nisingeandika aya ya kwanza. Kwenye miamba vaa viatu vya soli nene, na tanguliza fimbo kabla ya mguu. Usitie mkono kwenye tundu usiloona ndani. Anayetoa samaki kwenye wavu usiku awe na taa ya kichwani na glovu nzito.

Na kwenye kikapu, pamoja na maji ya kunywa, tia vitu hivi: chupa ya chai ya lita mbili iliyojaa maji yanayochemka, ndoo ndogo, kikombe kimoja cha kupimia, chupa ya siki, kibanio, bandeji mbili pana za kuvutika, kanga safi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, paracetamol, na simu yenye chaji ikiwa na namba ya zahanati ya karibu na ya mwenye gari au bodaboda. Maji ya chupa yabadilishe kila asubuhi kabla ya kushuka pwani. Yakirudi nyumbani jioni yakiwa bado yana moto, pikieni chai.